Kumfuatilia samaki kuanzia kwenye mizani: mwongozo kwa makarani wa fuo za Ziwa Victoria

Mwongozo huu ni wa karani wa ufuo, yule anayekaa kando ya mizani mitumbwi inaporudi asubuhi, na wa yeyote aliyepewa kazi ya kumfundisha. Wenyeviti wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia ufuo, wameshapelekwa semina za kutosha, Kisumu, Jinja na Mwanza, na vyeti vyao vinaning'inia ukutani. Lakini mwenyekiti hapimi samaki. Samaki hupita mbele ya karani kwa dakika chache, kisha anatiwa kwenye kasha la barafu pamoja na wa mitumbwi mingine, na kuanzia hapo hakuna afisa wala programu ya simu itakayojua alivuliwa wapi, na nani, kwa wavu gani. Kilichoandikwa kabla ya kifuniko kufungwa ndicho mtakachokuwa nacho. Kama pesa za mafunzo zinatosha mtu mmoja tu, apelekwe karani.

Kwanza, jibu la swali la wavuvi

Watakuuliza faida yake ni nini, na wana haki ya kuuliza. Waanzie mwaka 1999. Kulikuwa na watu waliovua kwa sumu, habari zikafika Ulaya, soko likafungiwa samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Aliyetumia sumu na asiyeitumia waliumia sawasawa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwa karatasi kwamba sangara huyu ametoka ufuo huu, kwa mtumbwi huu.

Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya 2002 inadai kwamba kila anayeshika chakula aweze kusema amekipata kwa nani na amemuuzia nani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Kiwanda cha minofu kikidaiwa hivyo, kitamgeukia wakala, na wakala atakugeukia wewe.

Jihadhari na wakufunzi wanaokuja na masomo ya baharini bila kuyapunguza. Utasikia habari za cheti cha mavuno ambacho Ulaya inakidai tangu 2010 kuzuia uvuvi haramu. Cheti hicho hakiwahusu samaki wa maji baridi, sangara akiwemo. Nao mkataba wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 2009 kuhusu meli za kigeni zinazotia nanga bandarini ni kazi ya Mombasa, haina la kufanya na karani wa ufuo wa Dunga, Kisumu. Kinachokuhusu wewe ni Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya Kenya ya 2016, kanuni za BMU, na yale ambayo nchi tatu zimekubaliana kupitia shirika la uvuvi la ziwa hili, LVFO, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao yake Jinja.

Hatua ya 1: Tengeneza ubao wa kupimia

Usinunue. Tafuta ubao laini wa mita moja na ushee, upigilie kipande cha mti kimesimama upande mmoja kiwe kizuizi. Kuanzia kwenye kizuizi, pima kwa futi ya fundi na uchore mistari mitatu kwa rangi ya mafuta: sentimita 25, 50 na 85. Usichore kwa kalamu ya wino, utelezi wa samaki utaifuta kabla ya wiki kwisha.

Mstari wa 25 ni wa ngege (sato): aliye mfupi kuliko hapo hakupaswa kuvuliwa. Wa 50 ni wa sangara. Wa 85 nao ni wa sangara, na ndio unaoleta ubishi, kwa sababu watu wanaona samaki mkubwa ni baraka. Nchi hizi ziliweka kikomo cha juu ili kulinda majike makubwa, maana ndiyo yenye mayai mengi. Na ndiyo pia yenye mabondo (vibofu vya hewa) makubwa, ambayo bei yake huko Asia humfanya mtu asahau mambo yote uliyomfundisha jana. Kwa kikomo hicho cha juu, mwombe afisa wa uvuvi wa kaunti akuandikie kanuni inayotumika sasa, uibandike ukutani bandani, ili ugomvi uwe baina ya mvuvi na karatasi.

Kupima kwenyewe kuna namna. Samaki alazwe ubavu, mdomo umefungwa, pua iguse kizuizi. Mkia ulale wenyewe bila kuvutwa, usome pale unapoishia. Mvuvi hodari atakipinda kichwa kidogo au ataubana mkia, kutegemea anataka samaki awe mrefu au mfupi. Wewe ndiye unayemlaza samaki, mvuvi asimame upande wa pili wa ubao.

Kwa nyavu, chukua jicho moja likiwa limelowa, ulivute hadi liwe mstari, upime fundo hadi fundo la mkabala. Nyavu za sangara na ngege zisiwe chini ya inchi 5. Za omena (dagaa) zisiwe chini ya milimita 10. Makokoro (nyavu za kukokota) na nyavu za uzi mmoja wa plastiki hazina kipimo, hizo zimepigwa marufuku zote.

Hatua ya 2: Orodha ya mitumbwi

Namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, jina la mwenye mtumbwi, jina la nahodha, zana anazobeba. Mwenye mtumbwi mara nyingi haendi ziwani kabisa, huenda ana duka mjini au ni mwalimu, kwa hiyo andika namba ya simu ya nahodha pia. Orodha hii ipitiwe upya kila baada ya miezi sita, kwa sababu mitumbwi huuzwa na kuhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na namba hazifuati.

Hatua ya 3: Daftari la mizani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tumia daftari kubwa la jalada gumu, lenye kurasa zilizopigwa namba kwa mkono kabla ya kuandika chochote. Kurasa zikiwa na namba, ukurasa uliochanwa utajulikana. Mstari mmoja kwa mtumbwi mmoja kwa aina moja ya samaki, mfano:

4/9, 7:20, mtumbwi 037, nyavu inchi 6, magharibi ya Ndere, sangara 9, kilo 31, kasha 3, jina la mnunuzi, sahihi ya nahodha.

Hiyo saa 7:20 ni ya simu, si ya Kiswahili. Amueni jambo hilo siku ya kwanza na mliandike kwenye jalada. Kiwandani wanasoma saa za simu, na wanataka kujua samaki alikaa muda gani kabla ya kukutana na barafu. Karani mmoja akiandika saa 1 asubuhi na mwenzake wa zamu akiandika saa 7 kwa maana ileile, samaki wenu wataonekana wamekaa juani nusu siku.

Safu itakayokusumbua ni ya mahali pa uvuvi. Mvuvi hapendi kutaja maji yake mbele ya wenzake. Mazungumzo huwa hivi (jaduong' ni mzee kwa Kiluo):

"Jaduong', ulitega wapi?"

"Kule kule."

"Kule kule haiandikiki, jaduong'. Ng'ambo ya Ndere au huku?"

"Weka Ndere."

Usidai zaidi ya hapo. Gawanyeni maji yenu katika maeneo matano au sita makubwa, kila moja na jina linalojulikana na wote, na mvuvi ataje eneo, si mtego wake. Ukilazimisha zaidi utaandikiwa uongo mzuri sana.

Idadi na kilo ziandikwe zote mbili. Ukiwa na idadi peke yake hujui ukubwa. Ukiwa na kilo peke yake, samaki 40 wadogo wanajificha ndani ya kilo zilezile za samaki 10 halali. Kugawanya kilo kwa idadi ni hesabu ya sekunde tano, na wastani ukishuka ghafla kwa mtumbwi fulani, jua nyavu zimebadilishwa.

Mizani nayo iangaliwe kila asubuhi kwa jiwe moja ambalo uzito wake mnaujua. Kama wanunuzi wana desturi ya kukata kilo "za maji", andika kilo halisi kwenye daftari. Makato yao wayaandike kwenye vitabu vyao.

Kuna jambo la pembeni ambalo halimo kwenye semina nyingi. Mahali ambapo samaki hugawiwa ovyo, mama mchuuzi asiye na mtumbwi hulazimika kumbembeleza mvuvi, na wote tunajua jaboya ni nini: kulipia samaki kwa ngono. Zamu ikitolewa kwa namba, samaki wakipimwa hadharani na risiti ikaandikwa jina lake mwenyewe, anapata pa kusimama. Mimi ningeweka daftari la mizani hata kama Ulaya isingekuwepo.

Hatua ya 4: Namba ya kasha

Kasha kubeba samaki wa mitumbwi mitano si kosa. Kosa ni kutojua mitano hiyo ni ipi. Lipe kila kasha namba fupi: herufi tatu za ufuo, tarehe, namba ya kasha siku hiyo. DNG-0409-3 inatosha. Kwenye daftari, safu ya kasha itaonyesha ni mitumbwi gani iliyoingia humo.

Andika namba kwa wino usiofutika kwenye kipande cha plastiki, ukate hata jerikani kuukuu, ukifunge kwenye mpini wa kasha kwa kamba. Karatasi ndani ya barafu huwa uji kabla lori halijafika Ahero.

Kabla lori halijaondoka, jumlisha. Kasha namba 3 lina kilo 180 kwenye mizani ya wakala, na mitumbwi iliyoandikwa humo inatoa 142. Kilo 38 zimetoka wapi? Labda jumla yako ina kosa. Labda kuna mtumbwi ulioteremsha samaki nyuma ya banda. Labda wakala alikuja nao kutoka ufuo mwingine na anataka wapate jina lenu. Swali hilo liulizwe papo hapo, lori likiwa bado limesimama, kwa maana samaki haramu huingia kwenye biashara halali kupitia pengo la aina hiyo. Mvuvi wa kokoro haendi kiwandani mwenyewe. Anahitaji kasha lenye namba nzuri.

Hatua ya 5: Boti za kukusanya

Samaki wengi wa Remba, Ringiti na Mfangano hawafiki bara kwa mtumbwi uliowavua. Huja na boti kubwa yenye kasha la barafu, inayozunguka ikinunua ziwani na visiwani, kisha inashusha Mbita, Sori au Luanda K'Otieno. Mara nyingi mwenye boti ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu na mafuta, na deni hulipwa kwa samaki. Mvuvi hana uhuru wa kuchagua mnunuzi, na hana sababu ya kubishana kuhusu karatasi.

Kwenye boti hizi mchanganyiko hutokea kabla samaki hajaona mizani yako, na karani wa bara hawezi kuutengua. Kinachowezekana ni hiki. Karani wa kisiwani aandike kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni, nakala moja ibaki, nyingine isafiri na boti. Boti ibebe mifuko ya wavu, kila mtumbwi uliouza uwe na mfuko wake ndani ya kasha, na namba ya mtumbwi imefungwa mdomoni. Boti ikifika bara bila nakala, andika "haijulikani" kwenye safu ya mtumbwi. Usijaze jina la ufuo wako. Wakala atakasirika, atakwambia unamharibia biashara, na atatishia kuhamia ufuo wa jirani. Ndiyo sababu fuo za jirani zinapaswa kufundishwa siku moja.

Hatua ya 6: Omena, vizimba na mgongo wazi

Omena hawapimwi mmoja mmoja. Andika karai au gunia, tarehe ya kuvuliwa na tarehe ya kuanikwa. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, na katika miezi hiyo bado utakuta omena kwenye soko la Kibuye, Kisumu. Wengine ni wa akiba, wengine wametoka Uganda au Tanzania kihalali, wengine wamevuliwa usiku hapa hapa kwenye Ghuba ya Winam. Kwa macho hawatofautiani. Anayenunua wa ng'ambo atunze karatasi za mpakani na kibali cha kusafirisha samaki kutoka kwa afisa wa uvuvi.

Samaki wa vizimba, yaani wanaofugwa ziwani, wawe na daftari lao na makasha yao. Wasiingie kabisa kwenye la mitumbwi.

Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara aliyetolewa minofu, unaotoka viwandani kwenda kukaangwa mtaani Obunga hauna haja ya namba zako. Kazi ya daftari kwa samaki huyo imeishia mlangoni mwa kiwanda.

Hatua ya 7: Zoezi la kurudi nyuma

Mara moja kwa mwezi, chagua kasha lililokwisha ondoka, usimwambie karani mapema. Mpigie simu mnunuzi akusomee namba. Kisha mpe karani saa moja akueleze mitumbwi iliyoingia humo, nahodha wake, zana na eneo la maji. Halafu mpigie nahodha mmoja umuulize kama siku hiyo alikuwa ziwani.

Simu hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua mambo. Daftari linaweza kuwa safi kabisa, mistari imenyooka, wino mmoja kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, na nahodha akasema siku hiyo alikuwa matangani Bondo. Daftari lililoandikwa kweli kando ya mizani huwa na madoa ya maji na magamba.

Programu za simu zije baada ya zoezi hili kufaulu miezi kadhaa. Kwa sasa, piga picha ukurasa wa siku na uutume kwenye kundi la WhatsApp la kamati kabla ya saa sita mchana. Picha ikishatumwa, ni vigumu mtu kurekebisha ukurasa jioni.

Hatua ya 8: Mafunzo ya pamoja ya mpakani

Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya ziwa hili, kilichobaki kimegawanywa kati ya Tanzania na Uganda. Kufundisha fuo za Kisumu peke yake ni kuwaonyesha mawakala wapi pa kukwepa. Panga mafunzo kwa jozi za majirani wa kweli: Muhuru Bay na Shirati, Sio Port na Majanji. Watu hawa wanafahamiana, wanaoana, na Kiluo kinasemwa Migori na Rorya kama Kisamia kinavyosemwa pande mbili za mpaka wa Busia. Barua ipite kwa afisa wa uvuvi wa kila upande, ili mgeni asije akakamatwa akija semina.

Kila ufuo ulete watu wanne: karani, nahodha, mama mchuuzi na dereva au wakala. Malipo ya usafiri yatumwe kwa M-Pesa au kwa simu ya nchi yake asubuhi ya kwanza, mambo ya posho yaishe, watu wafikirie samaki.

Siku ya kwanza ianze alfajiri kwenye mizani, si hotelini. Kila karani aandike mitumbwi mitatu halisi huku wengine wakitazama. Mkufunzi apenyeze sangara wa sentimita 46 katikati ya wakubwa, aone nani atamkamata. Mchana wakae chini na kulinganisha madaftari, wakubaliane safu zilezile kwa mpangilio uleule, na fomu iwe na picha ya kila samaki, kwa sababu ngege wa huku ni sato kule, na omena ni dagaa kwa mmoja na mukene kwa mwingine.

Siku ya pili wafanye zoezi la kurudi nyuma kwa kuvuka mpaka: kasha la upande mmoja, mtumbwi wa upande wa pili. Kisha wabadilishane orodha za mitumbwi iliyosajiliwa. Hapo ongezeni jambo ambalo wavuvi wenyewe wanalililia, yaani orodha ya injini na nyavu zilizoibiwa. Injini iliyoibwa usiku upande mmoja huweza kuonekana upande wa pili siku chache baadaye. Mvuvi aliyesikia kwamba daftari litamsaidia kupata injini yake atakupa namba ya mtumbwi bila kuvutana.

Hatua ya 9: Samaki haramu akifika kwenye mizani

Mlaze kwenye ubao, mpige picha na mistari ionekane, namba ya mtumbwi iandikwe kwenye kipande cha karatasi ndani ya picha hiyo hiyo. Andika kwenye daftari kama samaki mwingine yeyote, pamoja na urefu wake. Mpigie afisa wa uvuvi. Kutaifisha, kutoza faini na kupeleka mahakamani ni kazi ya wenye mamlaka, na karani aliyegawa samaki waliokamatwa kwa jirani zake ameharibu ushahidi.

Usimfukuze mtu ziwani usiku, na usimfuate ng'ambo ya mpaka hata kwa mita chache. Doria hutoka na maafisa, na Walinzi wa Pwani wanapohitajika wanaitwa na maafisa hao. Mtu akikutishia kwa sababu ya ulichoandika, hilo nalo liandikwe na lipelekwe kwa kamati siku hiyo hiyo, na mstari wenyewe usifutwe.

Hatua ya 10: Kutunza madaftari

Minofu iliyogandishwa inaweza kukaa kwenye friza hadi miaka miwili, kwa hiyo swali kuhusu samaki wa leo linaweza kuja mwaka kesho kutwa. Tunza madaftari kwa miaka mitatu angalau. Jumla ya kila mwezi ipelekwe kwa afisa wa kaunti, nakala igongwe mhuri, urudi nayo. Daftari likijaa, andika mwezi na mwaka kwenye mgongo, ulifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uliweke juu kwenye boriti au nyumbani kwa katibu mbali na maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye mabanda ya fuo nyingi. Kabati la chini halifai.